Ungeniuliza Tu

Nilimuua Bi Mwanaidi Jumanne usiku, nikiwa nimejilaza kitandani na simu mkononi. Lori lilikatika breki kwenye mteremko, likaparamia kibanda chake cha viazi karai, kwisha. Nikatuma kisa kwenye grupu ya WhatsApp, nikalala vizuri. Nilijiona nimeandika kitu kikali.

Shida ni kwamba Bi Mwanaidi hakuwa wangu.

Tulikuwa watu sita, wengi tukijuana tangu chuoni, na tulikuwa tumebuni mtaa mmoja. Kila wiki mmoja wetu anaandika kisa kinachotokea humo. Kila mtu ana wahusika wake, ila kuazimana ruksa. Mimi nilikuwa na Chiriku, makanga mwenye mdomo aliyeacha chuo (ndiyo, najua). Bi Mwanaidi aliletwa na rafiki yangu mmoja wa Likoni. Alikuwa mama anayekopesha mtaa mzima na hadai mtu. Chiriku alikuwa anakula kwake bure tangu kisa cha pili.

Asubuhi nikapata ujumbe, si kwenye grupu, ni wangu peke yangu: "Ungeniuliza tu, kaka." Halafu akajitoa.

Mwanzoni nilijitetea. Si ni hadithi tu? Si sote tumekua tukisimulia Sungura na Abunuwasi bila kuomba mtu ruhusa? Lakini Sungura hana mwenyewe wa kuumia. Abunuwasi naye, ingawa jina lake limetoka kwa mshairi wa Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, siku hizi ni wa kila nyanya mwenye wajukuu. Ukimuua leo, kesho jirani atamsimulia akiwa mzima. Bi Mwanaidi hakuwa na bahati hiyo. Mtaa wetu ni mmoja. Akifa kwenye kisa changu, amekufa kwenye visa vya wote.

Nikaanza kusoma wenzetu hufanyaje. Mwaka 1979 kule Marekani, Robert Asprin alihariri Thieves' World, kitabu ambacho waandishi kadhaa waliandika hadithi za mji mmoja. Mhusika wa mwenzako ulikuwa huru kumtumia, lakini si kumuua wala kumgeuza mtu mwingine. Kwenye vitabu vya Wild Cards, vilivyoanza 1987 chini ya George R. R. Martin, mwenye mhusika huidhinisha anavyotumiwa na wengine, na hulipwa.

Kilichoniaibisha hasa ni kisa cha Robert Bloch. Mwaka 1935, akiwa kijana wa miaka 18 huko Milwaukee, alitaka kumuua kwenye hadithi mtu aliyefanana na H. P. Lovecraft, mwandishi mkubwa kwake waliyekuwa wakiandikiana barua. Akamuuliza kwanza. Lovecraft akamjibu kwa barua ya utani, iliyoandikwa kama hati rasmi, ya kumruhusu amuue. Kisha akalipiza: akaandika hadithi ambayo kijana wa Milwaukee anayeitwa Robert Blake anakufa, na akamtabarukia Bloch hadithi yenyewe. Urafiki haukuvunjika.

Kijana wa miaka 18 alijua kuuliza. Mimi nilikuwa na 23.

Na hata hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ukiazima sufuria kwa jirani, unairudisha imeoshwa. Ukiletewa futari kwenye bakuli, hulirudishi tupu. Mama hakuwahi kunikalisha chini kunifundisha hayo. Nilikuwa natumwa tu. Mhusika ni vivyo hivyo. Omba. Soma visa vyake vyote kwanza, ujue anavyoongea (mimi nilimfanya Bi Mwanaidi aseme "niaje", Mungu anisamehe). Mwonyeshe mwenyewe rasimu kabla hujaituma kwa wengine. Usimuue, usimwoze, usimpe siri asizokuwa nazo. Mrudishe akiwa anaweza kutumika, na ukiweza, akiwa na kitu cha ziada.

Nilimpigia wiki mbili baadaye. Nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu: Jumanne ile ndiyo siku niliyohama chumba changu karibu na chuo, baada ya karo kunishinda. Nilitaka kitu kife. Chiriku nilimwonea huruma, nikamchukua wa mwenzangu.

Akanyamaza. Kisha akasema Bi Mwanaidi ni nyanyake. Viazi, madeni, hata ile kikohozi kabla ya kucheka, vyote vyake. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mle ndani ya visa ndimo mahali pekee alipokuwa bado anapika.

Nilikifuta kisa. Nikamwandikia pia ruhusa rasmi, kama ile ya Lovecraft: mimi, mmiliki halali wa Chiriku, nakupa idhini ya kumuua kwa njia yoyote utakayo.

Hakumuua. Alirudi kwenye grupu mwezi uliofuata, na kabla ya kuandika akaniuliza: "Naweza kumrudisha Chiriku chuoni?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Hapo ndipo nilipojua inavyokuwa, mtu kushika kitu chako pale panapouma, hata akikishika kwa upole.

Nikajibu: "Hapana, dadangu. Bado. Lakini asante kwa kuuliza."

"Sawa," akaandika. "Basi leo nitamlisha tu."