Mtaro Huokoa Barabara

Ukitoka Same kwenda Mamba Miamba, utapita tambarare, kisha utapanda Milima ya Upare. Barabara ina kona kali. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Malori ya tangawizi hushukia huko.

Udongo ukishiba maji, huporomoka. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha. Mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mtaro ukiziba, maji hupita barabarani na kuichimba. Wapare wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Tuzibue mitaro kabla ya vuli. Tusikate miti mitelemkoni. Barabara ikikatika, mgonjwa atashukaje hospitali?