Roketi ya Ngomeni

Babangu ni mvuvi wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Nilipokuwa kidato cha pili aliwasimulia wageni wetu kwamba utotoni, siku moja ya Jamhuri, aliona roketi ikipaa kutoka baharini. Nilicheka. Nikamwambia, mbele yao, kwamba roketi hurushwa Marekani. Alinyamaza, akaendelea kumimina chai. Hakuitaja tena.

Miaka sita baadaye, bwenini chuo kikuu, tulitazama Interstellar, filamu ya 2014. Wanaanga wanatua kwenye sayari iliyo karibu na shimo jeusi, ambako saa moja ni sawa na miaka saba duniani. Wanakawia kidogo tu. Wakirudi chomboni, miaka 23 imepita. Nikasema, "Uongo huo."

Safari hii, lakini, nilikwenda kusoma. Einstein alionyesha zamani kwamba penye uvutano mkubwa saa huenda polepole. Hata saa za setilaiti za GPS, zilizo mbali juu yetu, hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku. Zisingerekebishwa, ramani ya simu ingempeleka mtu wa bodaboda kijiji kingine.

Kisha nikasoma habari za Kip Thorne, mwanafizikia aliyeishauri filamu hiyo. Mwongozaji, Christopher Nolan, alipomwambia anataka saa moja iwe miaka saba, yeye pia alidhani haiwezekani. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikwenda kupiga hesabu. Akakuta inawezekana, mradi shimo lenyewe lizunguke karibu na kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na fizikia.

Nikajiuliza: mashimo hayo tuliyajuaje? Moja ya kwanza kutambuliwa ni Cygnus X-1, na setilaiti iliyosaidia kulitambua, kwa kupima eksirei zake, iliitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco. Jukwaa hilo liko baharini, mbele ya Ngomeni.

Nilimpigia usiku ule ule.

"Shikamoo, baba. Ile roketi ni kweli. Nisamehe."

"Marahaba. Najua ni kweli. Nilikuwako." Akanyamaza kidogo. "Ilikwenda kufanya nini huko juu? Hakuna aliyetwambia."

Nikaanza kumweleza. Salio liliisha kabla sijafika kwenye shimo jeusi. Akanipigia yeye.