Kutoka Kitale Hadi Bungoma: Azimio la Baraza na Mlinzi Wake

Mji wa Kitale umekaa mahali pazuri. Upande wa magharibi msafiri auona mlima Elgon, upande wa mashariki vilima vya Cherangani, na katikati yamelala mashamba ya mahindi yaliyoipa Trans Nzoia sifa ya kuwa ghala la nchi. Mji ulianzishwa mwaka 1908, na reli ikaufikia mwaka 1926. Tangu hapo watu wa makabila mengi wamekuja kutafuta kazi, biashara na shamba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341, na jirani yake Bungoma watu 1,670,570. Watu wengi namna hii hawawezi kukaa pamoja kwa salama bila ya kushauriana juu ya maji, vyoo, takataka na usalama wa usiku. Basi napenda kumchukua msomaji kwa barabara itokayo Kitale mpaka Bungoma, tutazame jinsi mashauri hayo yanavyokatwa, na kwa nini baadhi yake huzaa matunda, hali mengine hubaki katika vitabu vya kumbukumbu.

Tuanze na Kitale yenyewe. Zamani za utawala wa Waingereza nchi hii ilikuwa katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na mji ulipangwa kwa haja zao. Mfanya kazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kupita, ambaye kwao ni kwingine. Baada ya Uhuru watu waliongezeka upesi kuliko mabomba na mifereji, na mitaa kama Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa ikakua pasipo maji safi wala vyoo vya kutosha. Kila mtu ajuaye mvua za Kitale aweza kufahamu maana yake: maji ya mvua huchukua uchafu wa juu na kuupeleka kwenye visima na mito ya chini, na watoto ndio wa kwanza kuugua.

Kati ya miaka ya 2001 na 2004 Baraza la Mji wa Kitale, likishirikiana na shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilifanya jambo ambalo mabaraza mengi hayakulizoea. Lilikaa na wakazi wa mitaa hiyo mitatu kabla ya kuchora mipango ya kazi, nao wakataja wenyewe ni shida gani itangulie. Fedha nyingi zilitoka kwa serikali ya Uingereza, lakini mashauri yalikuwa ya wenyeji. Kazi zilizofuata zilihusu maji, vyoo na njia za kupita. Kwa macho ya mgeni hayo ni mambo madogo. Lakini mama ambaye awali alishauriwa mahali pa kujenga choo hatakubali kifungwe kwa kufuli na mtu mmoja, wala hatanyamaza mlango wake ukivunjika. Hilo ndilo fundisho la kwanza la safari yetu: azimio likiwa na mwenyewe katika mtaa, hudumu.

Kabla hatujaondoka mjini, inafaa tukumbushane mamlaka yalivyo, maana watu wengi bado hupeleka malalamiko mahali pasipohusika. Mabaraza ya miji na ya wilaya yaliyojulikana tangu Uhuru yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kwa mujibu wa Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Sasa afya ya vijijini, zahanati, magari ya wagonjwa, kuondoa takataka, makaburi, maji, leseni za pombe na kuzima moto ni kazi za kaunti. Polisi na machifu wako chini ya serikali kuu. Kwa hiyo mwananchi mwenye shida ya mfereji uliozibwa amwone mwakilishi wa wadi yake au Bwana Afya. Na mwenye shida ya wezi wa usiku aende kwa chifu au kituo cha polisi. Tena, sheria yataka wananchi waulizwe maoni yao kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa. Mikutano hiyo hutangazwa, ila mara nyingi viti vingi hubaki vitupu, na waliokosa kwenda ndio wanaonung'unika kwa sauti kubwa baadaye.

Sasa tushike njia. Kutoka Kitale barabara hupita Kiminini, kisha Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, mpaka Webuye. Nchi ni ya rutuba, nyumba zimekaribiana, na mabondeni yako maji yatokayo ardhini. Familia nyingi za pande hizi hazitegemei bomba, hutegemea chemchemi. Lakini chemchemi isiyojengwa ni dimbwi tu. Ng'ombe hunywa humo, watoto hukanyaga humo, na mvua ikinyesha hubeba uchafu wa mashambani na kuutia ndani.

Kuijenga si kazi ya ajabu. Fundi huchimba mpaka alifikie jicho la maji, huweka mawe na kokoto, hufunika kwa udongo wa mfinyanzi na saruji, kisha hutoa bomba katika ukuta ili mtungi ukingwe bila mkono kugusa maji. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga maji ya mvua, na ua huwekwa kuzuia mifugo. Upande wa chini hutengenezwa mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika. Choo kisichimbwe upande wa juu wa chemchemi, hata kama shamba ni la mwenye choo. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ndogo, lakini haina mwisho: kuzibua mtaro, kurudisha ua ulioanguka, kuziba ufa wa saruji. Iwapo hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo, baada ya miaka michache dimbwi hurudi.

Juu ya jambo hili tunao ushahidi wa karibu. Kuanzia mwaka 2004 wataalamu, miongoni mwao Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, walichunguza chemchemi karibu 200 katika nchi ya Busia, inayopakana na Bungoma. Baadhi zilijengwa mapema na nyingine baadaye, ili zipate kulinganishwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Penye chemchemi iliyojengwa, uchafu wa kinyesi katika maji ulipungua kwa theluthi mbili, na kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kwa robo hivi. Lakini walipopima maji yale yale nyumbani, usafi ulikuwa umeongezeka kwa robo tu. Maana yake ni kwamba maji huchafuka tena njiani na nyumbani: katika mtungi usiooshwa, katika kikombe kinachochovywa, katika mkono wa mtoto.

Ndipo ilipofikiriwa njia nyingine, yaani kuweka sanduku la dawa ya klorini papo hapo kwenye chemchemi. Mtu hufungua kidogo, hupata kipimo kitoshacho mtungi wa lita 20, hukinga maji, na hadi amefika nyumbani na kungoja kidogo dawa imekwisha kufanya kazi yake. Zamani dawa hiyo iliuzwa madukani katika chupa, na nyumba zilizoinunua hazikufika kumi kwa mia. Ilipowekwa bure kwenye chemchemi, na jirani mmoja akachaguliwa na wenzake kulitunza sanduku na kuwakumbusha watu, zaidi ya nusu ya nyumba zilitumia. Dawa ni ile ile. Iliyozidi ni mahali pake, na mtu wa kuitunza.

Tukifika Webuye twauona mto Nzoia ukianguka katika maporomoko ya Nabuyole, ambayo kwa muda mrefu yaliitwa Broderick Falls. Hapa ndipo kilipojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi katika miaka ya 1970, kikasimama mwaka 2009. Mto huu wapokea maji ya Elgon na ya Cherangani, hupita katika kaunti kadhaa, na kumaliza safari yake katika Ziwa Victoria, nchi ya Budalangi. Basi uchafu utupwao katika kijito cha Trans Nzoia huwa maji ya kunywa ya mtu wa chini. Mipaka ya kaunti imeandikwa katika karatasi, wala mto haujui kusoma. Ndiyo maana ni vema kwamba kampuni moja ya maji, Nzoia Water, imekuwa ikizihudumia Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma pamoja. Lakini kampuni haiwezi kumlinda kila mtu anayechota maji mtoni kwa mtungi. Hilo lahitaji mapatano ya majirani wa juu na wa chini.

Kutoka Webuye twaelekea magharibi kwa barabara kuu iendayo Uganda mpaka Bungoma. Wilaya ya Elgon Nyanza, iliyokuja kuzaa wilaya za Bungoma na Busia, ilitengwa na North Nyanza mwaka 1956, ikapata baraza lake. Tangu siku za mabaraza hayo Bwana Afya amekuwa mtu ajulikanaye sana vijijini, mwenye daftari mkononi, akiuliza habari za choo cha shimo na nyama ya sokoni. Wengine walimwogopa, wengine walimficha ukweli. Walichimba choo kwa ajili ya daftari, kisha wakaweka kuni ndani yake.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2007 Kenya imejaribu njia nyingine, iliyotoka Bangladesh. Wanakijiji hawapewi amri wala saruji ya bure. Hukaa wenyewe, huchora ramani ya kijiji chao juu ya ardhi, huonyesha mahali watu wanapojisaidia, na kuona kwa macho yao jinsi uchafu ule unavyorudi katika chakula chao. Kisha hupatana muda wa kila nyumba kuchimba choo, na huwachagua wa kufuatilia. Busia, jirani yetu, ilitangazwa mwaka 2018 kuwa kaunti ya kwanza ya Kenya iliyoacha kujisaidia vichakani. Kama jirani aliweza, sababu zetu zimepungua.

Jambo jingine la Bungoma ni tohara. Wabukusu hutahiri wana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ni desturi yenye heshima kubwa, na hapana baraza lenye akili litakalojaribu kuifuta kwa kalamu. Lakini ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea, kisu kimoja kwa watoto wengi kilikuwa hatari iliyo wazi. Dawa ya jambo hili ni mazungumzo ya maofisa wa afya na mangariba: kisu kimoja kwa mtoto mmoja, usafi wa mikono, na kumkimbiza hospitali mapema anayetoka damu nyingi. Jamaa nyingine sasa huwapeleka wana wao hospitali. Katika hili mlinzi wa azimio ni ngariba mwenyewe, maana alfajiri ile, watu wanapoimba na mtoto amesimama, hakuna karani wala polisi aliye karibu kuliko yeye.

Kinyume chake ni disko za matanga. Maofisa wa utawala wamezipiga marufuku mara nyingi katika nchi za magharibi ya Kenya, kwa sababu wasichana wameharibiwa na vijana wameumizwa katika usiku wa namna hiyo. Hata hivyo zimekuwa zikirudi, kwa kuwa ngoma hukusanya watu, na watu huleta mchango wa mazishi. Chifu apigaye marufuku bila ya kushauriana na wazee wa ukoo jinsi ya kupata mchango huo mchana, amekata tawi na kuacha mzizi.

Hayo si mambo ya kwetu pekee. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow aliwaonyesha wakuu wa parokia kwamba wagonjwa wengi walikunywa maji ya bomba moja, nao wakaamua mpini wake uondolewe. Ulikuwa uamuzi mfupi, lakini kesho yake mtu alitumwa akautoa mpini.

Basi, ndugu msomaji, ukihudhuria mkutano wa wadi ukasikia azimio zuri, usipige makofi upesi. Uliza kwanza: nani atalitenda, kwa fedha gani, na lini tutakuja kutazama? Kisha hakikisha majibu yameandikwa katika kumbukumbu, na jina la mtu likiwa hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na azimio bila mlinzi hupotea vivyo hivyo, ila hasara yake huonekana katika vitanda vya watoto.