Toa Jiko Ndani, Mpwa Wangu

Iyula, Mbozi
14 Juni

Mpwa wangu Tumaini,

Goti la bibi yako limemwachia kidogo, mdogo wako amerudi shule, na kahawa ya shamba la chini imeanza kuiva. Mengine mama yako atakusimulia kwenye simu.

Kilichonikalisha chini niandike ni hiki. Jumapili alipita hapa yule kijana wa bodaboda aliyekuletea mchele. Akasema chumba chako ni kizuri, kina sakafu ya saruji na kufuli imara, ila dirisha umeliziba kwa maboksi kwa ajili ya baridi na wezi, na usiku unaingiza jiko la mkaa ndani unalala nalo. Alisema kwa kukusifia, kwamba chumba kina joto. Mimi usingizi ulikatika. Nilipokupigia ukanijibu, "Mjomba usiwe na wasiwasi, mkaa nausubiri ushike vizuri, hauna moshi, na beseni la maji naliweka pembeni." Kisha mteja akaja, ukakata simu. Barua haikatwi na mteja.

Tumaini, usiogope moshi peke yake. Moshi unawasha macho, unakohoza, unakutoa nje mwenyewe. Hewa ninayoiogopa mimi inatoka kwenye mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi hata kidogo. Mkaa ni kaboni. Ukiungua penye hewa ya kutosha, kila chembe ya kaboni hushika chembe mbili za oksijeni, ikawa kabonidayoksaidi, ile ile tunayoitoa tukipumua. Chumba kikizibwa, oksijeni hupungua, kaboni ikaambulia chembe moja tu, na hapo ndipo inapotokea kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Umeshawahi kukaa gizani karibu na jiko ukaona mwali mdogo wa bluu unarukaruka juu ya makaa? Ni hewa hiyo hiyo inaungua. Mwali ukizimika usidhani imekwisha, inaendelea kutoka, ila sasa huioni. Na wale wanaofunika makaa kwa majivu ili yakeshe, wanaizidisha.

Damu yako inabeba oksijeni kutoka mapafuni kama malori ya hapo Tunduma yanavyobeba mizigo kuvuka kwenda Zambia. Hewa hii hupanda lori kwanza na haitaki kushuka, maana inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Malori yanapita yamejaa, mwili unakufa njaa.

Na hilo beseni la maji halikusaidii chochote. Hewa hii haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno. Nasema hivyo kwa kuwa nililiona beseni la namna hiyo kwa macho yangu.

Ulikuwa hujazaliwa. Vibarua wawili walitoka Ileje kuja kuchuma kahawa, mwenye shamba akawalaza kwenye stoo ya bati. Ilikuwa Julai, unaujua mwenyewe ubaridi wa huku Julai. Wakaingiza jiko, wakafunga mlango, wakashindilia magunia chini ya mlango upepo usipite. Asubuhi mmoja alikuwa amekufa, amelala ubavu kama mtu aliyechoka, hana jeraha, midomo myekundu kuliko ya mtu mwenye afya. Wa pili alikuwa hai lakini miguu haimshiki, anatapika, anaongea maneno yasiyoshikana. Mimi nilifika mapema kwa sababu shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa jirani. Jiko lilikuwa katikati ya stoo, majivu bado ya moto, na pembeni yake beseni la maji limejaa, halijaguswa.

Kabla ya mchana watu walishakubaliana kwamba ni ulozi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, amegombana na mwenye shamba juu ya mpaka, basi ikatosha. Nilisimama msibani nikasema, wazee wangu, ni jiko. Nikaeleza kama ninavyokueleza wewe leo. Mzee mmoja akaniambia nikae chini, ualimu wa juzi usinivimbishe kichwa. Baba yako alikuwepo, akacheka na kusema kemia haipiki ugali. Naye ni shemeji yangu, namheshimu, lakini kicheko kile sijakisahau. Usiku ule nyumba ya yule mama ikachomwa. Aliondoka na mkeka na mjukuu mgongoni, akaenda kwa binti yake Vwawa, na hakurudi tena. Kibarua aliyepona alipopelekwa hospitali, daktari alisema neno lile lile nililosema mimi: hewa ya mkaa. Hakuna aliyekwenda Vwawa kumwomba yule mama msamaha. Na yule kibarua miezi baadaye alikuwa bado anasahau alichotumwa dukani.

Wanafunzi wangu wote, miaka yote niliyofundisha, niliwasimulia kisa cha Erasto Mpemba. Alikuwa kidato cha tatu, Magamba kule Lushoto, mwaka 1963, wanatengeneza aiskrimu. Akaweka maziwa yake kwenye friza yangali ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dakta Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, wenzake wakacheka, lakini Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Mpaka leo mabingwa wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo, na linaitwa kwa jina la Mtanzania. Mimi sikupata Osborne wangu pale msibani. Lakini nina wewe, na wewe sitaki ucheke.

Sasa nijibu swali hili kwa ukweli. Mama yako anasema unanunua dawa ya kichwa karibu kila asubuhi, na kwamba kichwa kinaachia ukishafika kwenye kibanda chako cha biashara. Hapo ndipo niliposhtuka kuliko pale kwenye habari ya kijana wa bodaboda. Kichwa kinachouma chumbani na kupona nje, pamoja na kizunguzungu na kichefuchefu, ndivyo hewa hii inavyobisha hodi. Yule mwenzako mnayelala naye, je, naye anaumwa kichwa asubuhi? Kama ndiyo, usimalize barua hii kabla hujatoa hilo jiko. Na siku ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwanza, kisha ndiyo uite watu, halafu hospitali, hata akisema amepona.

Mengine ni madogo. Jik usiichanganye na dawa kali ya choo, inatoa klorini, hewa iliyotumika kuua askari vitani mwaka 1915. Ukifanikiwa kununua mtungi wa gesi, ile ni nzito, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu yake usiguse swichi, fungua mlango. Maharage yaloweke usiku kucha, kwa sababu huko juu kama huku Iyula maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na magadi usiyazidishe, yanalainisha lakini yanaua vitamini.

Jiko liwashwe nje, lipikiwe nje, lizimikie nje. Mvua ikikulazimisha kupika ndani, dirisha na mlango viwe wazi vyote viwili, na ukimaliza kupika litoke. Maboksi yatoe leo. Kama unaogopa wezi, mwambie fundi akupigie nondo na wavu, gharama nitalipa mimi mauzo ya kahawa yakitoka. Kwa baridi, chemsha maji, tia kwenye dumu dogo, lifunge kwa kitenge, liweke miguuni, litakupa joto mpaka usingizi ukuchukue.

Jumamosi dereva wa Noah ataleta blanketi zito la bibi yako, yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa. Mpokee stendi saa nne. Nimemwagiza afike mpaka chumbani, alitazame dirisha, kisha anipigie.

Mimi mjomba wako.