Ndugu wa Tumbo Moja, Majalada Tofauti

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sheria za watoto nchini Marekani zilimtazama mtoto aliyeondolewa nyumbani kama mtu mwenye uhusiano mmoja tu wa kuhesabiwa, yaani ule wa mzazi na mwana, huku uhusiano wake na kaka na dada zake ukikosa hata mstari mmoja katika vifungu hivyo. Kumbukumbu hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika, kama mwandishi wake alivyoishuhudia akiwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za watoto, na kama alivyoisikia kwa watu wazima waliotenganishwa utotoni.

Malezi ya kambo ni mpango ambao serikali humweka mtoto kwa muda kwa mlezi mwenye kibali, ilhali kuasili ni hukumu ya kudumu inayomhamishia mtoto katika familia nyingine na kukata uhusiano wake wa kisheria na ile ya kwanza. Katika kuasili kwa siri, jalada la mahakama hufungwa, cheti cha awali cha kuzaliwa hufichwa, na kipya hutolewa chenye majina ya wazazi walioasili, kana kwamba wao ndio waliomzaa. Minnesota ilianza mwaka 1917 kuyazuia majalada hayo yasisomwe na umma, kwa nia njema ya kumkinga mtoto na fedheha ya kuzaliwa nje ya ndoa, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia majimbo mengi yaliendelea hadi kumnyima mwenye jalada mwenyewe, hata akiwa mtu mzima. Ni Alaska na Kansas tu ambazo hazikuwahi kumnyima mtu mzima aliyeasiliwa cheti chake cha awali cha kuzaliwa.

Utengano wa ndugu nao ulikuwa na sababu zilizosemwa waziwazi: nyumba ya mlezi ina idadi ya watoto inayoruhusiwa, kichanga hupata wazazi upesi kuliko mtoto wa miaka 10, na dada mkubwa aliyezoea kuwalea wadogo zake alihesabiwa kuwa amebebeshwa mzigo ambao angetuliwa kwa kuwekwa mbali nao. Hoja hii ya mwisho ilikuwa chungu zaidi kwa familia za Kikongo zilizohamia Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu, Kigoma, ambako binti wa kwanza kumbeba mdogo wake mgongoni wakati mama amekwenda kupanga foleni ya chakula ni jambo la kawaida na la heshima. Kumtoa mdogo huyo mikononi mwake kwa jina la kumpumzisha dada kulikuwa kumnyang'anya mdogo mtu pekee aliyebaki wa kumtunza.

Waliotenganishwa hawakuumia kwa namna moja, na hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Mkubwa alibaki na kumbukumbu yote: jina la mtoto, sauti ya kilio chake, siku gari la ustawi wa jamii lilipofika; mdogo, aliyeasiliwa akiwa mchanga na kupewa jina jipya, alikua bila kujua kwamba yupo mtu anayemtafuta. Yule aliyejua hakuwa na haki ya kufungua jalada, kwa kuwa halikuwa lake, na yule aliyekuwa na jalada hakuwa na sababu ya kuuliza. Hata pacha hawakusalimika: katika miaka ya 1960, shirika la Louise Wise Services la New York liliwagawa pacha, na hata watoto watatu waliozaliwa pamoja, kwa familia tofauti bila kuziambia, huku daktari wa akili Peter Neubauer akichunguza makuzi yao; watatu hao walikutana mwaka 1980 kwa bahati tu, na nyaraka za uchunguzi huo zimezuiwa katika Chuo Kikuu cha Yale hadi mwaka 2065.

Badiliko lilianzia kwa wenye jeraha. Jean Paton, ambaye mwenyewe aliasiliwa, alianzisha kundi la Orphan Voyage, na Florence Fisher akaanzisha shirika la ALMA mwaka 1971 ili kudai majalada yafunguliwe. Sheria ya taifa ya mwaka 1997 ilirudisha mambo nyuma kwa namna fulani, kwani ilizitaka serikali za majimbo, isipokuwa katika hali maalumu, zianze kuomba haki za mzazi zifutwe mtoto anapokaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, na haraka hiyo iliwavuta wadogo kwenda kuasiliwa na kuwaacha wakubwa nyuma. Mwaka 2008 ndipo sheria ya taifa ilipoagiza kwa mara ya kwanza juhudi za kutosha zifanywe kuwaweka ndugu pamoja, au kuwakutanisha mara kwa mara, ila pale usalama wao unapokataza. Ile ya mwaka 2014 ikatamka kwamba ndugu ni ndugu hata kama haki za mzazi wao zimefutwa, na vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa umma vikaifanya siri ya zamani isiwezekane tena.

Mahakamani badiliko lilisikika katika maswali. Awali mkalimani alitafsiri kesi nzima bila mtoto kuulizwa habari za ndugu zake. Miaka ya baadaye hakimu alianza kuuliza wengine wako wapi na wameonana lini, na watoto walijibu swali hilo kwa upesi ambao hawakuuonyesha kwa jingine lolote.

Hata hivyo, agizo la kuwakutanisha ndugu hudhoofika pindi mmoja anapoasiliwa, kwa kuwa kuanzia hapo kuonana hutegemea zaidi hisani ya wazazi wapya. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema ndugu wenye uhusiano uliokwisha kujengeka wasitenganishwe bila sababu nzito, na mahakimu na maafisa ustawi wa jamii, wa Marekani na wa Afrika Mashariki pia, wanaombwa wasikubali hukumu yoyote ya kuasili kutiwa saini kabla haijaandikwa ndani yake ni lini, wapi na kwa gharama ya nani ndugu hao wataonana.