Unamsema Nani?

Mama aliirudisha sindano mwanzo wa santuri, akakaa kimya, mkono shavuni, mpaka wimbo ukaisha mara ya pili. Ulikuwa mwaka 1978, nyumbani kwetu mashariki ya London, na hiyo ndiyo santuri yangu ya kwanza. Nilitarajia alalamike juu ya kelele za gitaa. Yeye akaniuliza, "Unamsema nani?"

Ni swali la mwanamke wa Unguja. Nilizaliwa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, mwaka 1958, na bibi mzaa mama alikuwa akiimba maharusini. Kabla sijajua kusoma nilikwishajua kwamba vikundi viwili vya wanawake vinaweza kupigana msimu mzima bila kugusana. Hawa wanatoa wimbo wao leo, wale wanajibu harusi ijayo. Jina la mtu halitajwi, lakini anayesemwa anajijua, na mtaa mzima unamjua. Mwaka 1964 tuliondoka Unguja, tukakaa Mombasa, na mwaka 1969 tukafika London, baba akawa kondakta wa basi na mama akashona nguo za watu nyumbani. Nilidhani mambo ya vijembe tumeyaacha bandarini.

Nikayakuta tena Neal Street, Covent Garden, mwanzoni mwa 1977, katika klabu iitwayo Roxy. Leo kijana wa Dar es Salaam akisikia neno panki anafikiria mtindo wa nywele, ule wa kuacha kishungi katikati ya kichwa. Kwetu sisi panki ilikuwa muziki kwanza: nyimbo za dakika mbili, gitaa la mikao mitatu ya vidole, na ruhusa ya kupanda jukwaani hata kama hukusomea. Santuri za panki zilikuwa chache mno, hazikutosha kujaza hata usiku mmoja, kwa hiyo Don Letts, mzaliwa wa London wa wazazi Wajamaika, aliyekuwa akipiga santuri pale, alizijazia kwa rege.

Usiku mmoja akapanda Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex. Alikuwa na miaka 19, waya za kunyooshea meno zikimetameta mdomoni, baba yake Msomali na mama yake Mzungu. Akafungua kinywa. Nimesikia waimbaji wengi tangu siku ile, lakini sijapata kusikia tena sauti iliyonifanya nishike ukuta. Sikuwahi kuona msichana wa rangi yangu akiwafokea Waingereza usoni, nao wakasogea karibu wamsikie vizuri. Wiki ileile nikaanza kutafuta wenzangu wa kuunda bendi.

Tulikuwa wanne: wanafunzi wawili wa uuguzi, fundi bomba mmoja mwenye gari, na mimi, karani wa maktaba. Watu huniuliza kuhusu vurugu za enzi zile. Hawaulizi kuhusu kubeba. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba. Unapandisha maspika ngazi tatu, unaimba nusu saa, unayashusha, unafika nyumbani saa tisa usiku, na saa tatu asubuhi uko maktaba unapiga mihuri vitabu. Malipo yakifika pauni 20 kwa watu wanne tulishukuru, na nusu ilikwenda kwenye petroli. Halafu kulikuwa na mate. Mashabiki walikuwa na desturi ya kuwatemea wanamuziki, wakiona ndiyo mapenzi. Sikuizoea hata siku moja, na sitaisifu sasa kwa sababu eti miaka imepita. Nilisimamisha nyimbo, nikashuka, nikamwambia aliyetema anifute. Wengi walinifuta.

Wengine hawakuja kwa mapenzi. Chama cha National Front kilikuwa kinaandamana mitaani kikidai watu kama sisi turudishwe tulikotoka, na wafuasi wake walikuja hata kwenye maonyesho yetu. Ndiyo maana siku ninayoikumbuka kuliko zote ni siku ambayo sikuimba. Tarehe 30 Aprili 1978 tulitembea kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, makumi ya maelfu ya watu, kwa wito wa kampeni ya kupinga ubaguzi, Rock Against Racism. Jukwaani zilikuwapo bendi za The Clash na Steel Pulse, na Poly Styrene mwenyewe. Baba alikuwa kando yangu amevaa sare yake ya kazi. Hakuupenda muziki, lakini alikaa mpaka mwisho.

Santuri yetu tuliitoa wenyewe. Buzzcocks wa Manchester walikuwa wameonyesha njia Januari 1977: walikopa pesa kwa jamaa na marafiki, wakachapisha nakala 1,000, wakauza bila kampuni yoyote. Sisi tulimudu nakala 500. Majalada yalikuja yakiwa karatasi tupu, na gundi ya dukani ikaisha baada ya mia ya kwanza. Mama akaingia jikoni, akakoroga unga wa ngano na maji ya moto, akatandika magazeti mezani, tukabandika mpaka alfajiri. Nakala moja tukampelekea John Peel, mtangazaji wa BBC, kama bendi zote zilivyofanya, na nyingi tukaziuza duka la Rough Trade, magharibi ya London.

Basi mama alipouliza ninamsema nani, nilimjibu: mwenye nyumba wetu, aliyetuacha majira mazima ya baridi bila maji ya moto. Jina lake liko kwenye kiitikio.

"Umemtaja," mama akasema. "Ungemfumba, ingemkaa zaidi."

Tulibishana miaka juu ya hilo. Mimi nilishikilia kwamba mwenye nguvu akifumbiwa hujifanya hakusikia. Bado naamini hivyo.

Baadaye kampuni moja kubwa ya rekodi ilitaka kutusajili kwa sharti kwamba nivae shanga na kupiga ngoma. Tulikataa, tukarudi kwenye gari la fundi bomba.

Mwaka 1981 sauti ilikatika katikati ya wimbo. Daktari alinionyesha kwa kioo kidogo vinundu viwili, vigumu kama sugu za mkono wa mkulima, mahali nyuzi za sauti zinapogongana. Wiki sita nilinyamaza, nikazungumza na mama kwa kuandika. Kisha mwalimu wa sauti akanilaza chali, kitabu juu ya tumbo, nikajifunza kuvuta pumzi kama mtoto mchanga. Ndipo nilipomkumbuka bibi, aliyeimba harusi nzima usiku kucha na asubuhi akauza vitumbua kwa sauti ileile. Miaka mingi baadaye, Ngome Kongwe ya Unguja, nilimwona mwimbaji wa taarabu Bi Kidude jukwaani katika tamasha la Sauti za Busara, mzee sana, mkwaruzo wake ukifika ukuta wa nyuma bila shingo yake kukaza mshipa. Nilimtazama tumbo, si mdomo.

Poly Styrene alifariki Aprili 2011, akiwa na miaka 53. Mimi naimba bado, mara moja kwa mwezi, na Jumamosi nafundisha vijana. Kwako wewe unayeanza, wa panki, wa singeli au wa taarabu: koo likiuma, nyamaza siku hiyo. Sauti ikikaa imekauka zaidi ya wiki tatu, usinywe tangawizi ukaendelea. Nenda kwa daktari wa koo.