Nilisafiri Kilomita 900 Nikaagiza Chipsi Kuku

Wasee, wacha nianze na aibu yangu kabla mtu mwingine hajanichoma.

Agosti nilienda Shimoni, kule chini kabisa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikuwa nimeweka pesa tangu Januari, soo mbili leo, soo tatu kesho. Nikapanda basi la usiku kutoka Bungoma mpaka Nairobi, halafu SGR mpaka Mombasa kwa 1,500, feri ya Likoni, matatu ya Ukunda, na matatu ingine mpaka Shimoni. Pale Ramisi niliona miwa pande zote za barabara nikadhani dereva amenirudisha Nzoia. Ukijumlisha hiyo safari yote ni zaidi ya kilomita 900.

Na nilipofika nikiwa na njaa ya kufa mtu, unajua niliagiza nini? Chipsi kuku.

Mimi, mtoto wa Bungoma. Kwetu ingokho ndiyo heshima ya mgeni, na mtu akikupikia hiyo unajua umefika. Halafu naenda kando ya bahari nakula paja la kuku lililokaa kwa friji, na chipsi zimelala kama zimeambiwa habari mbaya. Nilipiga picha, nikaandika "maisha ni haya." Mlilike sana. Samahani.

Siku ya pili nikasema hapana, leo ni samaki. Nikaingia mahali pazuri, viti vyeupe, upepo unapiga. Samaki mmoja 1,800. Nikajiambia si ni likizo, lipa. Akaja amekauka, ladha yake iko mbali. Kijana aliyekuwa anahudumu alikuwa rika langu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama huyu samaki ni wa leo. Akacheka akaniambia, "Ndugu, sasa ni kusi."

Sikujua kusi ni nini. Akanieleza. Kuanzia karibu Aprili hadi Septemba upepo huvuma kutoka kusini, bahari inachafuka, na mvuvi mwenye mashua ndogo haendi mbali. Samaki wanapungua na bei inapanda. Kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia mwisho wa mwaka, bahari inatulia na samaki wanarudi kuwa wengi. Kwa hivyo mgeni akija Agosti akitaka samaki mkubwa mezani, atapewa, lakini asiulize ametoka lini majini.

Hapo ndipo nilijiona mjinga kidogo. Mimi natoka Trans Nzoia na Bungoma, mahali kila mtoto anajua mahindi mabichi yanakuja lini na mrenda unakuwa mtamu mvua ikinyesha. Ukija kwetu Februari ukiitisha mahindi ya kuchoma, tutakuangalia tu. Lakini nilifikiria bahari haina msimu. Nilifikiria ni kama duka, unafungua mlango unachagua.

"Sasa nyinyi mnakulanga wapi?" nikamuuliza. Akanyoosha kidole kule magari yanasimama.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Mama mmoja, amefunga leso, ana karai la mafuta na sufuria mbili. Nikasema, "Habari yako, mama." Akaniangalia. Mtoto mdogo kando yangu akasema "Shikamoo" na akajibiwa "Marahaba" na tabasamu kubwa. Nikaelewa haraka. Huku bara hatunanga hiyo, lakini ukienda kwa watu salimia kama watu. Nikarudia vizuri, akanipa kiti.

Alinipa mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi. Sasa kwetu asubuhi ni chai na mandazi, basi. Mboga asubuhi? Lakini nilipochovya hamri la kwanza nilinyamaza. Iliki unaisikia puani kabla haijafika kwa ulimi. Mbaazi ni nzito, ina tui, ina chumvi kidogo. Nikakumbuka kunde ya kwetu vile inalala na maziwa usiku kucha ndiyo ilainike. Nikajiambia, kumbe ni wazo moja. Sisi tuna ng'ombe, wao wana mnazi.

Nikatoa simu. Nilikuwa nimeshaanza kusema "Wasee, niko hapa na..." mama akanikatiza.

"Mwanangu, kula kwanza. Hiyo simu haishibi."

Watu wakacheka. Nikaweka simu. Nilipomaliza nikaomba ruhusa, akasema mikono nipige, uso hapana. Sawa. Halafu akauliza, "Na kwenu mwala nini?"

Nikamwambia ugali. Akasema, "Sima." Nikamwambia mrenda, kunde, managu, omena. Akanionyesha dagaa kwa sahani, nikamwambia hao ni omena wa maji ya chumvi. Akacheka sana. Akauliza nani hupika nyumbani, nikasema mamangu, tena yeye pia anauza chakula, ana kibanda.

"Ah! Basi yeye nawe wampiga picha?"

Hakuwa ananichokoza. Aliuliza tu, huku anageuza hamri. Lakini sikuwa na jibu, na nilijifanya naitafuta pesa mfukoni.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuwaambia. Mathe ana kibanda cha mabati Bungoma, si mbali na Kanduyi. Chapo madondo, matumbo, ugali mboga. Karo yangu ilitoka hapo, chapati kwa chapati. Nimepiga picha za kahawa Kitale, za keki, za baga ambayo hata haikuwa tamu. Kibanda cha mathe hakijawahi kutokea kwa ukurasa wangu hata mara moja.

Na kuna siku moja, mwaka wa kwanza chuoni, nilikuwa na marafiki wawili kutoka Kitale. Njaa ikatushika, wakaona kibanda, wakasema tuingie hapa. Kilikuwa cha mathe. Nikaingia kama mtu mwingine. Nikaagiza. Nikala. Nikamlipa, na mathe akaniangalia mara moja tu, akahesabu chenji, akaniwekea mkononi akasema, "Asante kastoma, karibu tena."

Hakuwahi kuniuliza. Ningependa angenigombeza.

Kwa hivyo nikiwa Shimoni nakula mbaazi za mama wa watu, nikiita hiyo "ladha halisi ya Pwani," nilijua nafanya nini. Sufuria ni ileile. Moshi ni uleule. Tofauti ni kwamba huyu yuko mbali na nyumbani, kwa hivyo umaskini wake kwangu ni mandhari, na wa mathe ni aibu. Na si mimi peke yangu. Tunaenda Pwani tunasifu mama karai, tukirudi tunapita mama wa kwetu na madirisha yamefungwa.

Siku zilizobaki nilikula vizuri kweli. Nilikula viazi karai na ukwaju. Nilivuka kwenda Wasini, kisiwa hakina gari hata moja, nikatembea kwa ile njia ya mbao juu ya matumbawe ambayo inaendeshwa na kina mama wa hapo. Wali wa nazi nilikula na dagaa, kwa sababu hiyo ndiyo bahari ilikuwa inatoa wiki hiyo. Ukienda, uliza swali moja tu: leo nyinyi mnakula nini? Usiulize kuna nini ya wageni. Lipa bei umeambiwa, usibishane juu ya shilingi kumi na mtu aliyeamka saa kumi usiku. Na omba ruhusa kabla ya kamera.

Nilirudi Bungoma na iliki ya mia moja na nazi mbili. Nikamfundisha mathe mahamri. Akaonja, akafikiria, akasema, "Hii ni mandazi imeenda shule." Hajaanza kuyauza. Anasema nazi ni bei.

Jumamosi hiyo nilikaa kwa kibanda nikala madondo, halafu nikaosha sahani zote. Wasee wa boda wakauliza, "Mama, huyu umeandika kazi?"

Kabla nifungue mdomo mathe akajibu, "Huyo? Huyo ni kastoma."

Akaendelea kukanda unga, hajaniangalia, lakini bega lake lilikuwa linatingika. Alikuwa anacheka. Miaka mitatu amekaa na hiyo neno.

"Mimi ni kijana yake," nikawaambia. "Wa kwanza."

Picha ya hiyo siku ndiyo hii mnaona. Uso alikubali, lakini alinifanya ningoje abadilishe leso.